Nani Aliyetenda? Kauli ya Kutenda na ya Kutendwa Katika Kiingereza

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, afikapo Kyumbi huona njia panda. Barabara kuu yaendelea mbele kwenda Athi River na Nairobi, na nyingine yashika mkono wa kuume kwenda mji wa Machakos. Penye njia panda watu hukutana, na penye kukutana watu hapakosi biashara, na penye biashara hapakosi karatasi. Kuna stakabadhi ya dukani, hati ya mapatano ya kiwanja, barua kutoka ofisini, na kumbukumbu za mkutano wa chama cha ushirika. Nyingi za karatasi hizo huandikwa kwa Kiingereza, na azichunguzaye ataona kwamba mara nyingi hazisemi nani aliyetenda jambo. Husema tu kwamba jambo limetendwa.

Stakabadhi husema, "Goods once sold cannot be returned", yaani mali ikishauzwa hairudishwi. Ubao uliopigiliwa kwenye ua husema, "Trespassers will be prosecuted", yaani waingiao bila ruhusa watashtakiwa. Barua ya ofisini husema, "Your application has been received", yaani ombi lako limepokewa. Ni nani atakayekataa mali iliyorudishwa? Ni nani atakayeshtaki? Ni nani aliyelipokea ombi? Karatasi zimenyamaza. Kunyamaza huko si kosa siku zote, lakini hapana budi msomaji akutambue, maana mara nyingine ndiko kunakoficha mali yake.

MTENDA MBELE AU MTENDWA MBELE

Waingereza wana kauli mbili za kitenzi. Ya kwanza huitwa "active voice", nayo ndiyo kauli ya kutenda. Ya pili huitwa "passive voice", nayo ndiyo kauli ya kutendwa. Katika kauli ya kutenda, mtenda hutajwa mbele, kisha kitendo, kisha kile kilichotendwa. Katika kauli ya kutendwa, kile kilichotendwa huletwa mbele, na mtenda huwekwa nyuma, au huachwa kabisa.

Historia ya Machakos yatupa mfano mzuri. Kabla ya Nairobi kuwapo, Machakos ilikuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza katika sehemu za bara. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa haikupitia mjini humo, na mwaka 1899 makao yale yakahamishiwa Nairobi. Atakayeandika habari za reli ataandika, "The railway bypassed Machakos", yaani reli iliiacha Machakos kando. Atakayeandika habari za mji ataandika, "Machakos was bypassed by the railway", yaani Machakos iliachwa kando na reli. Habari ni ile ile, wala hapana uongo mahali popote. Lakini sentensi ya kwanza yamfanya msomaji aitazame reli, na ya pili yamfanya autazame mji. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kauli hizi: kuchagua ni nani atakayesimama mbele ya macho ya msomaji.

Mkamba hana sababu ya kuogopa somo hili, kwa kuwa alilijua tangu utotoni. Atajapo jina lake kwa lugha ya kwao husema "Nĩtawa", kama vile Mswahili asemavyo "Naitwa". Zote mbili ni kauli za kutendwa. Katika Kiswahili sauti ya "w" karibu na mwisho wa kitenzi yatosha: kukama huwa kukamwa, kununua huwa kununuliwa, kupokea huwa kupokelewa au kupokewa, kupa huwa kupewa. Hata maneno yaliyotoka kwa Waarabu yamekubali desturi hiyo: kujibu huwa kujibiwa, kusamehe huwa kusamehewa. Tofauti ni kwamba Mwingereza hana herufi moja kama hiyo ya kutia ndani ya neno. Yeye hutumia maneno mawili au zaidi, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa.

JINSI INAVYOUNDWA

Hatua ni tatu. Kwanza, kile kilichotendwa kiletwe mbele. Pili, litafutwe neno "be" katika umbo linalolingana na wakati wa kitendo, kama vile "is", "was", "has been" au "will be". Tatu, kitenzi chenyewe kitiwe katika umbo lake la tatu, kama vile "milked", "written", "taken", "stolen". Mtenda akihitajiwa, hutajwa mwishoni baada ya neno "by".

Na tumtazame ng'ombe anayekamwa. "Mutua milks the cow" huwa "The cow is milked by Mutua". Kazi ikiwa yaendelea sasa hivi, "Mutua is milking the cow" huwa "The cow is being milked". Ikiwa ilifanyika jana, "Mutua milked the cow" huwa "The cow was milked". Ikiwa imekwisha, "Mutua has milked the cow" huwa "The cow has been milked". Ikiwa itafanyika kesho, "Mutua will milk the cow" huwa "The cow will be milked". Mtu aangalie kwamba "milked" haikubadilika hata mara moja. Wakati wote umebebwa na neno dogo lililotangulia.

Neno dogo hilo ndilo limpalo mkulima faida au hasara. Mtu aliyeomba mkopo, au kibali cha kugawa shamba, aweza kupata barua yenye maneno haya: "Your application is being considered". Maana yake ni kwamba ombi bado lachunguzwa. Akisoma kwa haraka na kudhani kuwa limekwisha chunguzwa, atapoteza nauli ya kwenda ofisini na kurudi bure. Barua nyingine husema, "has been considered", yaani limekwisha chunguzwa, na hapo asitulie, bali asome mstari unaofuata, maana kuchunguzwa si kukubaliwa. Kukubaliwa ni "has been approved". Kuahirishwa ni "has been deferred". Kukataliwa ni "has been declined" au "has been rejected".

Kadhalika, "The fee will be refunded" ni ahadi kwamba ada itarudishwa. Lakini "The fee may be refunded" maana yake ni kwamba yaweza kurudishwa, na pia yaweza isirudishwe. Na asomaye "You are required to attend" asidhani kuwa amekaribishwa tu. Anatakiwa kufika, na akikosa huenda akaulizwa sababu.

MITEGO INAYOWANASA WENGI

Kiswahili ni tajiri sana katika kauli ya kutendwa, tena kimekipita Kiingereza kwa jambo hilo, na utajiri huo ndio unaotuponza tunapotafsiri neno kwa neno.

Mtego wa kwanza ni wizi. Mswahili husema, "Niliibiwa baiskeli". Wengi hugeuza maneno hayo kuwa, "I was stolen my bicycle". Kwa Mwingereza sentensi hiyo ni kama kusema kwamba mtu mwenyewe alichukuliwa, kama mbuzi achukuliwavyo usiku zizini. Katika Kiingereza kinachoibwa ni kitu, si mwenye kitu. Basi yafaa kusema, "My bicycle was stolen". Ikiwa mtu alinyang'anywa kwa nguvu, hapo yeye aweza kutangulia: "I was robbed of my bicycle". Katika taarifa ya polisi tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu wizi na unyang'anyi ni makosa mawili mbalimbali mbele ya sheria.

Mtego wa pili ni ndoa. Kwetu mwanamume huoa, na mwanamke huolewa. Kwa hiyo mtu huandika, "She was married by Mutua". Mwingereza asomapo hayo aweza kudhani kuwa Mutua ni padre au msajili aliyewafungisha ndoa, na bwana arusi ni mtu mwingine kabisa. Kiingereza hutumia "marry" kwa mume na kwa mke: "She married Mutua", au "She is married to Mutua".

Mtego wa tatu ni vitenzi visivyo na kitu cha kutendwa, kama vile kufa, kuja, kwenda na kulala. Kiswahili chaweza kusema, "Nimefiwa na baba" au "Tulijiwa na wageni". Kiingereza hakiwezi kuvitia vitenzi hivyo katika kauli ya kutendwa namna hiyo. Lazima kusema, "My father has died", na "Visitors came to us". Mvua imeachiwa mlango mdogo, kwani atembeaye bila mwavuli aweza kusema, "We were rained on".

Mtego wa nne ni neno "by". Kiswahili husema, "Alipigwa na Mutua kwa fimbo". Mtenda ni Mutua, na fimbo ni chombo tu. Kiingereza humpa mtenda "by", na chombo hukipa "with": "He was beaten by Mutua with a stick". Tena "by" hutumika kwa muda. Ikiandikwa, "The balance shall be paid by the buyer by 30 June", la kwanza lamtaja mlipaji, na la pili lataja siku ya mwisho. Lakini ikiandikwa tu, "The balance shall be paid by 30 June", hapana mlipaji aliyetajwa. Kuna tarehe peke yake.

Mtego wa tano ni ule ambao Kiswahili kingeweza kumfundisha Mwingereza. Sisi tuna "chungu kimevunjwa" na "chungu kimevunjika". La kwanza lamaanisha kwamba yupo aliyevunja, hata kama hakutajwa. La pili lataja hali ya chungu tu. Mwingereza husema "The pot is broken" kwa hali ya chungu, na tamko hilo halitengi wazi mambo hayo mawili. Jambo hili laweza kufika mahakamani. Mlinzi akiandika, "The gate was closed at six o'clock", je, ana maana kwamba saa kumi na mbili mtu alilifunga lango, au kwamba saa hiyo alilikuta tayari limefungwa? Wakili hodari ataling'ang'ania swali hilo asubuhi nzima. Mlinzi aandikapo, "I closed the gate at six o'clock", wakili hana la kung'ang'ania.

KAULI IFAAYO NA KAULI IFICHAYO

Isidhaniwe kwamba kauli ya kutendwa ni mbaya. Hufaa sana pale mtenda asipojulikana, kama mali iliyoibwa usiku. Hufaa pale mtenda asipokuwa na maana kwa msomaji. Katika taarifa ya mazao, "The maize was planted in October" yatosha, kwa sababu lililo muhimu ni mwezi wa kupanda, si jina la mpandaji. Hufaa pia katika sheria, ambayo huwahusu watu wote.

George Orwell, mwandishi Mwingereza aliyepata kuwa afisa wa polisi huko Burma, aliandika mwaka 1946 insha juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, naye aliwaasa watu waiepuke kauli ya kutendwa kila wanapoweza kutumia ya kutenda. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliitumia katika insha hiyo hiyo, tena mwanzoni kabisa. Lake lilikuwa onyo, na onyo hilo lahitaji kutumiwa kwa busara.

Ubaya huanza pale mtenda anapojulikana, na msomaji anapokuwa na haki ya kumjua, lakini mwandishi akamwondoa. Mwezi wa Januari 1987, Rais Ronald Reagan wa Marekani alipowahutubia wabunge juu ya silaha zilizouzwa Iran kwa siri, alisema kwamba "mistakes were made", yaani makosa yalifanywa. Maneno hayo yamekuwa mfano mashuhuri kwa walimu wa Kiingereza, kwa kuwa makosa yamekubaliwa, na mkosaji hayumo.

Ukambani nako kuna jambo lenye kufundisha. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba, ikatoa sababu kwamba mifugo imezidi na ardhi yamomonyoka. Wakati huo huo kampuni ya Liebig, iliyojenga kiwanda cha nyama Athi River, ilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Maafisa wakawachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza mnadani. Wakamba wengi, wanaume, wanawake na watoto, wakatoka makwao wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association. Serikali ilimkamata na kumpeleka Lamu, lakini ililazimika kuacha kupunguza mifugo kwa nguvu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi yaitwa kwa jina lake.

Na tuyatie hayo katika Kiingereza. "The cattle were seized and sold." Sentensi hiyo ni ya kweli, na mtihanini ingepata alama zote. Lakini mtoto wa leo aisomaye hapati jibu la swali ambalo babu yake alilibeba kwa miguu hadi Nairobi: nani aliyewachukua ng'ombe, na kwa amri ya nani? "Government officers seized the cattle and sold them." Hapo jibu limepatikana, kwa kuongeza maneno machache tu. Lakini katika habari za maisha ya Muindi Mbingu mwenyewe, "He was deported to Lamu" ni sentensi njema, kwa sababu yeye ndiye habari yetu, naye ndiye apasaye kusimama mbele.

MAPATANO YA KIWANJA NA DAFTARI LA CHAMA

Watu wanaonunua na kuuza viwanja karibu na barabara kuu wana sababu kubwa kuliko wengine ya kuyashika mafunzo haya. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, yataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, wahusika wote watie sahihi, na sahihi ya kila mmoja ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Lakini sahihi haziponyi maneno mabovu. Hati ikisema, "The sum of Shs. 200,000 has been paid", yaani shilingi 200,000 zimelipwa, bado haijasema nani alilipa, nani alipokea, wala siku gani. Muuzaji akifariki, watoto wake waweza kusema kuwa fedha hizo zililipwa kwa mtu wa katikati, wala hazikufika nyumbani.

Yafaa hati iseme, "The buyer paid the seller Shs. 200,000", kisha itaje tarehe na namna ya malipo. Vivyo hivyo, badala ya "Possession shall be given", yaani kiwanja kitakabidhiwa, na iandikwe kwamba muuzaji atamkabidhi mnunuzi, na siku yenyewe itajwe.

Karani wa chama naye aangalie kumbukumbu zake. "It was agreed that a pump be bought" ni mwanzo tu. Wanachama watakapokutana tena, na pampu haipo, kila mmoja atamtazama mwenzake. Karani mwangalifu huandika kwamba mkutano ulikubali, na kwamba mtunza hazina atanunua pampu kabla ya tarehe fulani.

Wala mtu asidhani kuwa atapona kwa kuandika Kiswahili, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa lugha rasmi za Kenya. Kiswahili chaweza kuficha zaidi. "Fedha zilitumiwa" angalau yakiri kwamba yupo aliyezitumia. "Fedha zilitumika" yazifanya fedha zionekane kana kwamba zilitoka sandukuni zenyewe, zikaenda sokoni. Na "fedha zimepotea" haina hata nafasi ya kumtia mtenda.

Zoezi moja jepesi litamfaa kila mwenye kutaka kujifunza. Na achukue barua au hati yoyote ya Kiingereza iliyomo nyumbani mwake, apige mstari chini ya kila kitenzi, kisha kwa kila kimoja aulize: nani? Penye jibu, na apite. Pasipo na jibu, na apime kama jibu hilo lamhusu. Likimhusu, na aliulize kabla hajatia sahihi, kwa maana baada ya sahihi kuuliza huwa ghali. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilowataja watenda nalo haliko mbali na hasara hiyo.